KAZI YA KANISA NI YA NANI?



Katika toleo hili tunataka kuongea juu ya swali ambalo limesikika mara nyingi katika vijiji vyetu hapa Nakivale, kwenye vikao vya wazee, kwenye foleni ya maji, na hata baada ya ibada wakati mabenchi yanaporudishwa mahali pake. Mtu anaombwa kufanya kazi fulani ya kanisa: kufundisha watoto wa shule ya Jumapili, kufagia, kutafsiri mahubiri, kulala kanisani kulinda vyombo vya kwaya. Naye anauliza, "Motisha iko?"

Wako watumishi wanaokemea swali hilo kama wanavyokemea pepo. Sisi hatukubaliani nao. Mkimbizi anayefundisha shule, anayepima watoto uzito kwenye kituo cha afya, anayetafsiri ofisini, anapewa motisha, na ni haki yake, tena mara nyingi ni kidogo kuliko kazi yenyewe. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mfanyakazi asinyimwe malipo yake (1 Timotheo 5:18). Kama mtu amezoea kwamba jasho lake lina bei kule, kwa nini tumshangae akiuliza bei yake hapa?

Wazee wetu, na sisi tuliokuwa watoto wakati wa Mobutu, tunakumbuka pia salongo. Iliitwa kazi ya pamoja kwa faida ya wote, lakini ilikuwa ya kulazimishwa. Ndugu zetu wa Rwanda wana umuganda wao wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na Warundi wanajua kazi zao za Jumamosi. Mzee wa namna hiyo akisikia mimbarani, "Jumamosi wote tuje na majembe," masikio yake yanasikia sauti ya chifu.

Kwa hiyo wengi wetu tunajua kazi za namna mbili, ile ya kulipwa na ile ya kulazimishwa. Ya kanisa ni ipi? Na kama si moja ya hizo, mtu aifanye kwa sababu gani?

Tuanzie makaburini. Mtu akifa hapa bila ndugu, na wako wengi ambao ndugu zao walibaki Masisi, Rutshuru au Fizi, au hawajulikani walipo, vijana wa kanisa wanachukua majembe na sururu wanakwenda kuchimba. Wakati wa kiangazi udongo ni mgumu kama tofali. Wamama wanapika uji wa wachimbaji, mmoja anatoa shuka lake zuri, fundi anazunguka kutafuta mbao. Hata jirani asiyeingia kanisani anafika. Hatujawahi kusikia mtu akiuliza motisha kaburini, wala hatujawahi kuona mtu akisukumwa aende. Wanaochimba wanajua kwamba marehemu hana watu wengine ila wao. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Mtoto hamdai mama yake pesa kwa jerikani ya maji aliyoteka.

Basi kutumika tunakujua. Kinachotusumbua ni siku za kawaida, wakati hakuna maiti, maana siku hizo kanisa halionekani kama nyumba yetu. Linaonekana kama nyumba ya mchungaji, au kama ofisi nyingine ambayo mtu anapanga foleni, anapokea maombezi, anaondoka.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wafikiri pamoja nasi. Tangu siku tulipovuka mpaka tumehesabiwa. Tulipigwa picha, tukaweka vidole kwenye mashine, tukapewa kadi, tukaitwa kwa namba ya familia. Hatulalamiki, kwa sababu bila kuhesabiwa tusingekula. Lakini mtu akihesabiwa miaka kumi na mitano bila kuhitajiwa na mtu yeyote, kuna kitu ndani yake kinalala. Baba aliyekuwa na ng'ombe kwao, aliyekuwa anaamua kesi za ukoo, anakaa chini ya mti akingoja tarehe ya mgao. Mwalimu wa sekondari ambaye vyeti vyake viliungua anakuwa kama mtu ambaye hakusoma. Kila anayefika na daftari anawauliza wamekosa nini. Ni nani anayewauliza wana nini?

Kanisa nalo likiwauliza tu wamekosa nini, tutakuwa tumeongeza foleni moja juu ya zile zilizopo. Kwa hiyo sisi tunaona kwamba kugawana kazi katika kanisa ni haki ya mshirika kabla ya kuwa msaada kwa mchungaji aliyechoka. Mchungaji anayefanya yote peke yake, hata akiyafanya kwa moyo mwema, anawanyima watu wake kitu ambacho kambi imekwisha kuwanyima.

Chuoni tulifundishwa Kutoka 18 kama somo la uongozi: Yethro anamkuta Musa akiamua mashauri ya Israeli yote, anamshauri achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Wengi tunakumbuka kwamba alimwonya Musa atachoka. Lakini someni tena mstari wa 18. Yethro anasema watachoka Musa na watu pia. Watu wanachokaje, na hawafanyi kitu? Wanachoka kwa kusimama na kungoja tangu asubuhi mpaka jioni. Mstari huo hatuhitaji kufafanuliwa sisi wa Nakivale.

Tuje kwenye Matendo 6, kwa sababu jambo lile lilihusu chakula. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, na wale wenye kusema Kiebrania hawakusahaulika. Mnaona jinsi lilivyo karibu nasi? Kanisa moja, lugha mbili, chakula kidogo, manung'uniko. Mitume wangeweza kuhubiri juu ya umoja na kufunga kikao. Badala yake waliwaambia watu wachague saba, na majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni majina ya Kiyunani. Yaani waliolalamika ndio waliopewa meza waigawe. Sisi tunapenda sana kumwita mwenye kunung'unika kuwa mkaidi. Mitume walisikia katika manung'uniko yale kwamba kuna watu wanaojua njaa iko nyumba gani.

Katikati ya mwaka 2023, mgao wa wakimbizi hapa Uganda ulipopangwa kwa makundi matatu na familia nyingine zikaondolewa kabisa, nani katika kanisa alijua mapema nani hali? Mchungaji hawezi kuzijua nyumba mia mbili. Lakini mama wa mtaa anajua, kwa sababu asubuhi anaangalia moshi. Anaona jikoni kwa fulani hakujatoka moshi tangu juzi, na bila kusema neno anamtuma mtoto na bakuli la maharage. Huyo mama hajawekewa mikono wala hana kitambulisho cha ushemasi. Kazi ya Matendo 6 anaifanya, na sisi tunachelewa tu kuitambua.

Vilevile mkalimani. Katika makanisa yetu mahubiri yanatoka kwa Kiswahili na kuingia katika Kinyabwisha, Kirundi au Kibembe, au yanarudi upande wa pili. Mara nyingi anayesimama pembeni ya mhubiri ni kijana wa miaka kumi na saba. Nusu ya kanisa haimsikii mchungaji kabisa, inamsikia kijana huyo. Akichoka, nusu ya kanisa imekosa Neno. Akikosea, wamepokea mafundisho mengine. Tena anafanya jambo gumu kuliko mhubiri, maana mhubiri amejiandaa wiki nzima, naye anapewa sentensi ndefu bila kuonywa, pamoja na mifano ya kwao ambayo haina jina katika lugha ya pili. Halafu mwisho wa ibada tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake, tukimaanisha mtu mmoja. (Ndugu wahubiri, mpeni mkalimani wenu mistari siku ya Jumamosi. Haitawagharimu kitu.)

Wengine watasema mambo hayo ni madogo, kwamba kazi kubwa ya injili ni ya waliosomea. Sisi tuliosomea tunajibu kwamba Biblia haisemi hivyo. Baada ya Stefano kuuawa, mateso yaliwatawanya waamini wa Yerusalemu, wote isipokuwa mitume (Matendo 8:1). Waliokimbia walikuwa watu wa kawaida. Baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walifika Antiokia wakawahubiri hata Wayunani, na kanisa likazaliwa kabla ya Yerusalemu kumtuma Barnaba kwenda kuangalia (Matendo 11:19-22). Majina yao hatuyajui. Kanisa lile lililowatuma Paulo na Barnaba kwa mataifa lilianzishwa na wakimbizi ambao hakuna aliyewaandika. Akila na Priskila nao walikuwa wamefukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio, wakaishi kwa kushona mahema, na nyumba yao ikawa kanisa.

Hata katika nchi zetu imekuwa hivyo. Apolo Kivebulaya alipotoka Uganda mwaka 1896 kuingia Mboga, katika Ituri ya leo, alikuwa mwalimu tu. Ushemasi aliupata mwaka 1900. Simeoni Nsibambi, ambaye kukutana kwake na daktari Joe Church huko Kampala mwaka 1929 kunatajwa sana katika mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, hakuwa kasisi.

Sasa tufike kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote, na hatutaki kulipita haraka. Je, ni haki kumwomba kazi mtu mwenye njaa? Mama mwenye watoto watano anaamka saa kumi na moja kwenda kulima kibarua katika shamba la mtu. Anarudi jua limezama. Tumwambie Jumamosi afagie kanisa?

Wahubiri wengi hapa wanakimbilia mjane wa Sarepta, aliyempa Eliya mkate wake wa mwisho, au mjane wa senti mbili. Tunaomba tahadhari. Eliya naye alikuwa mkimbizi, hakuwa na ghala nyuma yake, na unga ule ulimlisha mjane na nyumba yake pia. Na yule mjane wa Marko 12 anatajwa mara tu baada ya Yesu kuwalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane (mstari wa 40). Anayeusoma mstari wa 44 bila wa 40 anaweza kumnyang'anya maskini kwa sauti tamu sana.

Paulo anatusaidia zaidi. Anapowasifu Wamakedonia, waliotoa wakiwa katika umaskini mkubwa, anasema walitoa kwa hiari, tena wao ndio walioomba nafasi. Kisha anaongeza kwamba toleo linapimwa kwa kile mtu alicho nacho, asichokuwa nacho hakihesabiwi (2 Wakorintho 8:1-12). Tunaelewa hivi: mtu mwenye njaa asidaiwe, lakini asifungiwe mlango. Kwa yule mama, kufagia kila Jumamosi ni mzigo ambao hatuna ruhusa ya kumtwika. Lakini huenda anajua kumtuliza mwanamke aliyepatwa na mambo ya vita, maana yeye alipita hapo, na kazi hiyo anaweza kuifanya ameketi mlangoni pake akichambua maharage. Tumuulize yeye, tusimpangie.

Wako pia wasioweza kitu chochote kwa sasa. Kuna watu walioona mambo ambayo hatutayaandika hapa. Wanaingia ibadani, wanakaa karibu na mlango, wanatoka kabla ya baraka. Hao waachwe wakae. Huwezi kumwambia mtu mwenye mkono uliovunjika kwamba kila kiungo kina kazi, ukamnyoosha mkono kwa nguvu.

Na kuhusu malipo, tuseme bila kuzunguka. Kazi inayomtoa mtu shambani siku nzima au siku kadhaa, kama kujenga ukuta au kuezeka baada ya upepo, ilipwe kama kanisa lina kitu. Kama halina, wengine wakalime shamba lake siku zile. Huko Kivu tulikuwa tunajua kulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, wala hakuna mtu aliyeiita hiyo salongo. Kinachoharibu ni kanisa kumlipa fundi asiye wa kanisa, kisha kumwambia fundi wa kanisa kwamba yeye atalipwa mbinguni.

Tunageukia wenzetu wachungaji na wazee, na tunajiweka humo. Mara nyingi si kwamba washirika wanakataa kazi. Ni sisi hatuiachii. Ufunguo wa kanisa uko mfukoni mwa mtu mmoja, daftari la sadaka liko chini ya godoro lake, kipaza sauti kiko kwa mtoto wake. Kijana akihubiri vizuri kuliko tulivyotazamia, mwezi unaofuata jina lake halimo kwenye ratiba. Eldadi na Medadi walipotabiri kambini, Yoshua alitaka wazuiwe, na Musa akamuuliza kama ana wivu kwa ajili yake (Hesabu 11:26-29). Tunalalamika kwamba makanisa madogo yanaota hapa kila mwaka kama uyoga. Baadhi yameanzishwa na wapenda ukubwa, ni kweli. Mengine yameanzishwa na watu waliokaa kwenye benchi miaka minane wakiwa na karama mikononi, na hakuna aliyewaambia, "Simama, shika hapa."

Na wazee wanaume, tusomeni Nehemia 3 polepole. Wafua dhahabu na mtengeneza manukato walijenga ukuta. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wakubwa wa Watekoa walikataa kuinamisha shingo (mstari wa 5), na jambo hilo limeandikwa likabaki. Katika makanisa yetu mengi anayeteka maji, anayeosha vikombe vya meza ya Bwana, anayelala na mgonjwa kituoni ni mwanamke, na anayeitwa kwenye kikao kuamua ni mwanamume. Tukisema tugawane kazi halafu wamama waongezewe, tutakuwa tumedanganya.

Limebaki la wanaosema, "Mimi niko njiani, nangoja ndege." Tunawaelewa. Tumesindikiza wengi, na tumeona pia kilichotokea nyuma yao: mwalimu wa kwaya ameondoka na nyimbo zote kichwani, mhazini ameondoka na hesabu, na kikundi kizima kikanyamaza. Hiyo peke yake ni sababu ya kila mwenye kazi kuwa na mwanafunzi pembeni yake. Kisha ikaja Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Kuna familia zilizokuwa zimeuza mbuzi na magodoro, zimekwisha kuagwa kanisani kwa machozi na zawadi. Walirudi wakakaa viti vya nyuma, wakiona aibu kana kwamba wametenda dhambi. Nafasi zao zilikuwa zimejazwa. Kanisa lenye busara halikungoja waombe. Liliwafuata nyumbani likawaambia kuna watoto arobaini katika shule ya Jumapili na mwalimu ni mmoja. Ndugu mwenye kungoja ndege, watoto hao wako leo. Ukiitwa kesho, nenda kwa amani, na umwachie mwingine daftari.

Kabla mvua za mwezi wa tisa hazijaanza, mashemasi watapita nyumba kwa nyumba na daftari. Safari hii hawaandiki mahitaji. Watauliza kila mmoja, pamoja na vijana na wazee wasiotembea, ni kitu gani anajua kufanya na ana saa ngapi kwa wiki. Mwenye kulinda usiku na kulala mchana aseme hivyo, wasimwamshe. Asiyeweza kwa sasa aseme "siwezi", hataulizwa sababu, na jina lake litaandikwa katika ukurasa wa watu wa kutembelewa. Tunatafuta kwanza wakalimani wawili wa Kibembe, mtu wa kumsaidia mhazini kuhesabu sadaka mbele ya wengine, na wanaume wanne wa kuosha vikombe.